Sensa Haisimamishi Mashine

Ukipita Nyakato, jijini Mwanza, siku hizi, kuanzia eneo la viwanda vidogo hadi kwenye maghala yaliyo kando ya barabara ya Musoma, hukosi kukuta kontena limefunguliwa na mashine inashushwa. Za kufyatua ndoo za plastiki, za kukunja mabati, za kukamua alizeti, za kufungasha unga. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025, mzigo wa kwenda Geita na Kagera hausubiri tena kivuko, na wenye mitaji wanaona Mwanza ni mahali pa kuzalishia, siyo pa kupitishia tu. Mashine nyingi kati ya hizi zinakuja na kitu ambacho zile walizotumia baba zetu hazikuwa nacho: sensa, yaani vifaa vinavyotambua mkono au mlango, kama macho ya umeme kwenye mdomo wa mashine na swichi kwenye milango, pamoja na taa za kijani na nyekundu. Pamoja nazo imeingia kauli ninayoisikia kwa wauzaji, kwa matajiri wa viwanda, na hata kwa watu ambao kazi yao ni kulinda wafanyakazi: "Hizi za kisasa zina sensa, haziwezi kumkata mtu." Kauli hiyo inanitisha kuliko mashine zenyewe.

Inanitisha kwa sababu sensa haisimamishi mashine. Sensa inatoa taarifa tu, kwamba mkono umeingia au mlango umefunguliwa. Kinachoisimamisha mashine ni mlolongo unaoanzia hapo: waya, rilei na kontakta (swichi zinazoshika na kuachia kwa nguvu ya umeme), klachi, breki, na nyuma ya vyote hivyo watu walioamua kuuacha mlolongo huo ukiwa mzima. Kiungo kimoja kikifa, taa ya kijani inaendelea kuwaka na mfanyakazi anaendelea kuiamini. Ndiyo maana nasema kinga ya umeme isiyopimwa ni hatari kuliko kava la chuma lisilo na akili yoyote. Kava likitoka unaliona limetoka, na mkono wako unajihadhari wenyewe.

Wazo la kinga hizi si geni. Mjerumani Erwin Sick alionyesha pazia la mwanga la kuzuia ajali mwaka 1952, na msingi wake haujabadilika sana tangu hapo: upande mmoja unarusha mihimili ya mwanga usioonekana kwa macho, upande wa pili unaipokea, na mkono ukikata mhimili mmoja amri ya kusimama inatolewa. Zipo pia swichi za mlango zinazokataa mashine iwake kava likiwa wazi, vitufe viwili vinavyodai mikono yote miwili iwe mbali na kisu ndipo presi, mashine inayoshuka kukata au kukandamiza chuma, ishuke, na mikeka inayotambua uzito wa mtu aliyekanyaga eneo la hatari. Kwetu Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali uitwao OSHA, inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi dhidi ya sehemu hatari za mashine. Tangu 2015 upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao waajiri wanauchangia. Kwa hiyo sheria tunayo na vifaa vinaingia. Pengo liko katikati, kwenye waya na kwenye mishahara, na huko ndiko watu wachache wanakoangalia.

Chukua kitufe chekundu cha dharura, kile chenye kichwa kama uyoga. Fundi aliyesomea anakiunga kwa namna ambayo umeme unapita ndani yake muda wote mashine inapofanya kazi. Ukikibonyeza, njia inakatika na mashine inasimama. Uzuri wa mpango huo hauko kwenye kubonyeza. Uko siku panya anapotafuna waya au skurubu inapolegea kwa mtikisiko: njia imekatika, basi mashine inasimama yenyewe na kila mtu anajua kuna hitilafu. Nimeshakuta vitufe vilivyoungwa kinyume, umeme ukipita pale tu kinapobonyezwa. Kwa macho havitofautiani, vyote vyekundu, vyote vinang'aa. Lakini waya wa kitufe hicho ukikatika, mashine inaendelea kama kawaida na hakuna atakayejua mpaka siku ya siku, mtu atakapokipiga kwa kiganja na kisiitike. Gharama ya kuunga vizuri na kuunga vibaya ni ileile. Tofauti ni fundi kujua, na mtu kukijaribu kitufe kila asubuhi kabla ya kazi.

Pazia la mwanga nalo lina hesabu yake, na ningependa kila mwenye kiwanda aijue kama anavyojua bei ya dizeli. Viwango vya kimataifa vinachukulia kwamba mkono wa mtu unaweza kusogea kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde. Kama presi inachukua sehemu 2 za kumi za sekunde kusimama tangu mwanga ulipokatwa, mkono umeshasafiri sentimita 40. Maana yake pazia lazima likae angalau sentimita 40 kutoka kwenye kisu, na zaidi ya hapo kama mihimili yake imeachana kiasi cha kupitisha vidole. Sasa breki za presi huisha, kama za daladala. Miaka 2 ikipita bila kuzigusa, muda wa kusimama unaweza kufika sehemu 3 za kumi, na kwa mwendo uleule mkono unakuwa umekwenda sentimita 60. Pazia liko palepale lilipofungwa. Mwanga unafanya kazi, sensa ni nzima kabisa, ukiipima kwa kifaa chochote itakuambia ni nzima. Lakini mkono unafika kabla mashine haijasimama. Ugonjwa uko kwenye breki, na dalili yake hakuna taa inayoionyesha.

Ziko na presi za zamani zinazotumia klachi ya pini, ambazo zikishaanza kushuka hazisimami mpaka zimalize mzunguko mzima. Kuifungia presi ya aina hiyo pazia la mwanga ni kumdanganya mtu anayeitumia, kwa sababu hata sensa ikiona mkono mapema, mashine haina uwezo wa kutii. Mashine kama hizo zinauzwa kwa mtumba, na zipo karakana ambako mtu amezifungia sensa kwa nia njema kabisa. Inayozifaa ni kava la chuma linalozuia vidole visifike kabisa.

Mashine za kusaga nafaka zinatufundisha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Mwenye mashine anasikia kwamba swichi ya mlango itazima mota kava likifunguliwa, anaifunga, anatulia. Lakini nyundo za ndani zinazoponda nafaka ni nzito na zina kasi. Umeme ukikatwa zinaendelea kuzunguka kwa muda, na mlango tayari uko wazi. Hapo inatakiwa kufuli inayoshikilia mlango mpaka nyundo zitulie, au kava lenye bolti ambazo kuzifungua kunachukua muda mrefu kuliko nyundo kutulia. Na umeme wenyewe, tunaoujua sote unavyokatika na kurudi bila kuaga. Kwenye mashine iliyoungwa kwa mensichi (swichi kuu) peke yake, umeme ukikatika mota inasimama, msagaji anaingiza mkono kusafisha chujio, umeme ukirudi mota inawaka na mkono uko ndani. Stata yenye kontakta, yaani kisanduku cha kuwashia mota, inaondoa hatari hiyo: umeme ukikatika kontakta inaachia, na haishiki tena mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuwashia. Hakuna sensa hapo, hakuna kompyuta, na stata hiyo inauzwa katika maduka ya vifaa vya umeme mjini. Kwangu mimi, kama kuna kinga moja ya umeme ya kuanza nayo katika mashine zote za kusaga na kukoboa kuanzia Igoma hadi Sengerema, ni hiyo.

Wapo wanaopinga mambo haya kwa hoja zenye uzito, na haifai kuwapuuza. Mwenye karakana ya watu 6 anasema mfumo kamili wa kisasa utamgharimu mamilioni, na kwamba akilazimishwa atafunga na vijana watakosa kazi. Ni kweli kwamba vifaa vilivyothibitishwa kwa ajili ya usalama ni ghali. Ndani yake kila kitu kiko viwili viwili, saketi mbili zinazochungana, ili moja ikiganda nyingine igundue na mashine isikubali kuwaka. Lakini hoja ya gharama inamtetea anayeanza na kava la chuma, stata na kitufe kilichoungwa vizuri. Haimtetei anayeiacha shafti wazi huku amenunua kamera 8 za kuangalia wezi. Kamera inarekodi ajali, haiizuii, na nimesikitika kuona mahali ambako fungu la usalama liliishia kwenye kamera tu.

Hoja ya pili ni ya mafundi, nayo naiheshimu zaidi. Wanasema sensa hizi hazikutengenezwa kwa mazingira yetu. Vumbi la pamba linaziba vioo vya pazia la mwanga. Katika viwanda vya minofu ya sangara sakafu huoshwa kwa maji mengi kila siku, na unyevu unaingia kwenye swichi ambazo hazikutengenezwa kuvumilia maji. Umeme ukishuka rilei zinaachia ovyo. Kila moja ya hitilafu hizi huisimamisha mashine, kama ilivyokusudiwa, na mashine ikisimama mara 20 kwa siku bila sababu, mara ya 21 mtu ataiunga dairekti, bila kupitia kinga. Wana haki. Jibu lake ni kuchagua kifaa kulingana na mahali: swichi zilizozibwa dhidi ya maji kwa kiwanda cha samaki, kidhibiti umeme mbele ya paneli, na kwa vinu vya pamba kava na kufuli kuliko macho ya mwanga. Mnunuzi anayeagiza mashine kwa kuangalia picha bila kusema itafanya kazi wapi anajinunulia dairekti ya baadaye.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi: kwamba ajali ni uzembe wa mfanyakazi, na kwamba hata ukimfungia kinga ya dhahabu ataichezea. Mwaka juzi nilishinda mchana mmoja katika karakana ya plastiki mjini hapa. Kwenye mashine ya kufyatulia ndoo, sumaku iliyotakiwa kuwa kwenye mlango ilikuwa imefunguliwa na kufungwa usoni pa sensa kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Mashine iliamini mlango umefungwa saa zote. Kijana aliyekuwa anaiendesha hakunificha. "Kaka, hapa tunalipwa kwa ndoo," aliniambia, akafungua mlango na kunionyesha bawaba ya chini. Ilikuwa imepinda. Mlango ulishuka kidogo sana, kiasi cha kidole, sumaku ikawa haifikii sensa yake, na kila mtikisiko mashine ilisimama. Ikisimama, plastiki iliyomo kwenye silinda inaungua, inabidi kuitoa na kuanza upya, na dakika hizo hakuna anayezilipa. Walisharipoti. Waliambiwa wavumilie mpaka oda iishe. Utepe ule wa mpira ukaja kuziba pengo ambalo bawaba moja ya chuma ingeliziba.

Nikitafuta uzembe pale, naukuta kwa aliyepewa taarifa ya bawaba. Na wala si tabia ya Waafrika, kama wengine wanavyopenda kusema. Vyama vya bima ya ajali vya Ujerumani vilichapisha mwaka 2006 uchunguzi uliokuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya kinga kwenye mashine za kazi za chuma nchini humo zilikuwa zimechezewa, nyingine kwa muda, nyingine moja kwa moja. Ujerumani, iliyozaa pazia la mwanga lenyewe. Mtu mwenye akili timamu hachezei kinga kwa kupenda kukatwa. Anaichezea kwa sababu inamzuia kufanya kazi anayodaiwa, kwa muda anaodaiwa, kwa malipo aliyopangiwa. Kumwambia awe makini ni kumtaka awe na umakini uleule saa ya 1 na saa ya 11 ya shifti, usiku, kwenye kelele, akirudia tendo moja mara elfu. Hakuna binadamu mwenye umakini huo. Ndiyo sababu kinga ilibuniwa.

Mashine mpya zimeleta pia jambo ambalo wengi wetu hatujalifikiria, nalo ni kuhamishia ulinzi kwenye programu. Zamani mlango ulikata umeme wa mota kwa waya. Sasa mlango unaiambia kompyuta, na kompyuta inaamua. Kompyuta za usalama zilizotengenezwa kwa kazi hiyo zipo na zinaaminika, lakini kompyuta ya kawaida ya mashine si moja yao. Mfano ninaoukumbuka kila mara unatoka hospitalini: mashine ya mionzi iliyoitwa Therac-25. Mashine iliyoitangulia ilikuwa na vizuizi vya umeme visivyotegemea programu. Kwenye Therac-25 viliondolewa, kazi ikaachiwa programu. Kati ya 1985 na 1987, huko Marekani na Canada, wagonjwa 6 walipigwa mionzi kupita kiasi, na wasiopungua 3 walikufa. Makosa mengine ya programu hiyo yalikuwemo pia kwenye mashine ya zamani, ila vizuizi vya waya vilikuwa vikiyazuia yasimfikie mtu. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kila kitu kinasimamiwa na skrini, muulize ni waya gani unaokata umeme skrini ikiganda.

Hata mfumo ulio kamili una mpaka wake, nao ni saa ya kusafisha na kuzibua. Kinga nyingi zimepangwa kumlinda mtu mashine ikiwa kazini. Kinu cha pamba kikikaba katikati ya msimu, malori yamepanga foleni nje, anayeingia kukizibua yuko ndani ya mashine yenyewe, nyuma ya kila sensa. Huko kinachomlinda ni kufuli. Anazima mensichi, anaifunga kwa kufuli lake, ufunguo anauweka mfukoni mwake, hampi supavaiza wala mwenzake. Kama wanaingia watatu, makufuli matatu. Vibarua wa msimu, wale deiwaka wanaochukuliwa getini asubuhi, ndio wanaotumwa mara nyingi kuzibua, na ndio ambao mara nyingi hawajapewa kufuli wala kuambiwa kwamba wana haki ya kulidai.

Watu wa ziwa hili tuna sababu ya kuelewa tofauti kati ya kikomo kilichoandikwa na kikomo kinachokataa. Kivuko cha MV Nyerere kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Tarehe 20 Septemba 2018 kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Namba ile ilikuwepo siku zote, ila hakukuwa na kitu wala mtu aliyeizuia meli kung'oa nanga. Cheti cha ukaguzi kwenye ukuta wa kiwanda ni namba ya aina hiyo.

Kwa maana hiyo, ukaguzi unaohesabu sensa unakosea shabaha. Mkaguzi anayefika kiwandani na kuuliza "mnazo?" ataonyeshwa. Aombe kitufe kibonyezwe mbele yake mashine ikiwa kazini. Aombe waya wa kitufe hicho ufunguliwe, aone kama mashine inasimama. Apime muda wa presi kusimama, alinganishe na umbali wa pazia. Afungue paneli atafute waya mfupi unaoruka kutoka tundu moja hadi jingine na kuipita kinga, ambao kila fundi anaujua. Na akiukuta, kabla ya kumtoza faini yeyote aulize uliwekwa lini na kwa sababu gani, maana jibu la swali hilo ndilo litakalomfikisha kwenye bawaba. Wenye viwanda kwa upande wao waanze kulipa dakika za mashine kusimama. Malipo ya kwa ndoo, kwa gunia au kwa kilo, yasiyo na senti ya muda wa kusafisha na kutengeneza, yanamfanya mfanyakazi ainunue kinga yake kwa mshahara wake. Vyuo vya ufundi vya VETA navyo vinafundisha vijana kuunga mota kila mwaka. Kuunga saketi ya kusimamisha kwa njia mbili kunastahili kupewa uzito uleule wa kuunga saketi ya kuwasha.

Limebaki jambo la vipuri, ambalo sijasikia likizungumzwa kwenye kikao chochote cha usalama kazini. Zile swichi za mlango zinazotambua kipande mwenza chao cha mlangoni tu, ambazo huwezi kuzidanganya kwa sumaku ya spika, ni nzuri sana mpaka siku moja ikifa. Nilizunguka maduka ya umeme katikati ya mji nikiitafuta ya aina iliyokuwa kwenye mashine ile ya ndoo. Sikuipata. Muuzaji mmoja, kijana mwerevu anayejua vitu vyake, alisema ataiagiza Dar es Salaam, na kama Dar hawana itatoka nje, nihesabu wiki 3. Nikamuuliza wateja wake wanafanyaje wiki hizo. Akanyoosha mkono chini ya kaunta, akatoa kipande cha waya cha urefu wa kidole, kilichomenywa ncha zote mbili, akakiweka juu ya kioo. Hicho, alisema, anawapa bure.